Alpaka Kilimanjaro: pesa iko kwa mnyama au kwenye uzi?

Mfugaji wa Arusha au Moshi mwenye simu janja lazima ameshatumiwa ile video. Alpaka, wanyama wenye shingo ndefu na macho makubwa, manyoya yamewajaa mpaka usoni, wanatembea taratibu kwenye majani mabichi. Sauti inaeleza kwamba sufu yao ni ghali kuliko ya kondoo, hawali sana, hawana fujo, na kwao ni nyanda za juu zenye baridi. Mtu wa Marangu au Ngaramtoni anatazama nje, anaona ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na hesabu inaanza.

Kwenye hesabu hiyo kuna maswali mawili yaliyofungwa kamba moja. Je, mnyama huyu anaweza kuishi huku? Na sufu yake inageukaje kuwa pesa? Video inayajibu yote kwa pumzi moja, na hapo ndipo watu wanapopotea. Niseme msimamo wangu mapema: swali la kwanza jibu lake linakaribia ndiyo, kwa masharti. La pili ndilo gumu, na ndilo linaloamua. Kwenye biashara hii pesa humfuata anayejua kutengeneza uzi, na mara nyingi humkimbia anayejua kufuga tu.

Tuanze na mnyama mwenyewe, maana wengi humchanganya na kondoo. Alpaka ni ndugu wa ngamia. Aliyewahi kupanda ngamia kule Mkuru, kaskazini mwa Mlima Meru, atautambua ule mdomo wa juu uliopasuka, mguu wa vidole viwili wenye nyama laini chini badala ya kwato, na tabia ya kutema mate akiudhiwa. Tofauti iko kwenye umbo: alpaka mzima ana kilo 50 hadi 85 hivi, na mgongo wake haufiki mita moja kutoka ardhini. Watu wa milima ya Andes, katika nchi ambazo leo ni Peru, Bolivia na Chile, walimtoa kwa mnyama pori aitwaye vikunya zaidi ya miaka 6,000 iliyopita. Lama, ndugu yake mkubwa, alichaguliwa kubeba mizigo. Alpaka alichaguliwa kwa sufu. Mpaka leo sehemu kubwa ya alpaka wote duniani wako Peru, kwenye malisho yaliyo kati ya mita 3,500 na 5,000 juu ya usawa wa bahari.

Wapo wa aina mbili. Huakaya ndiye wa kwenye video, manyoya yake yamesimama na kufura. Suri ni adimu zaidi; sufu yake inaning'inia kwa misokoto mirefu inayong'aa, kama rasta. Jike hubeba mimba kwa miezi kumi na moja na nusu hivi na kuzaa mtoto mmoja. Mapacha ni nadra sana, na wakitokea aghalabu hawaponi. Mfugaji wa mbuzi aliyezoea kuona zizi likijaa ndani ya miaka miwili, asubiri. Ukianza na majike wanne, kila kitu kikienda vizuri, mwakani una watoto wanne, na kwa kawaida nusu yao ni madume.

Sufu ni nini, na kwa nini kondoo wetu hawana

Kuanzia Monduli mpaka Longido kuna kondoo wengi. Kwa nini hakuna anayesokota uzi kutoka kwao?

Kwa sababu kondoo wetu, yule mwekundu wa Kimasai na yule wa kichwa cheusi, wana nywele, hawana sufu. Unywele wao ni mfupi, mnene, umenyooka na ndani una uwazi unaoufanya ukatike kirahisi. Ukijaribu kuusokota unachomoka. Sufu ni nyembamba, ndefu, na kila unywele umefunikwa na magamba madogo sana yanayoshikana na ya jirani yake. Ya kondoo wa sufu kama Merino ina mawimbi pia, yanayoufanya uzi uvutike na kurudi. Mababu hawakuzembea. Walichagua kondoo wa nyama na mafuta anayestahimili minyoo na ukame, na kwa hilo kondoo mwekundu wa Kimasai anasifika hata kwa watafiti wa nje. Nguo ilitoka kwenye ngozi, baadaye kwenye pamba.

Ubora wa sufu hupimwa kwa unene wa unywele, na kipimo chake ni mikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Sufu nzuri ya alpaka ni mikroni 18 hadi 23 hivi. Ya mnyama mzee, au ile ya miguuni na kifuani, hupita 30. Namba hiyo 30 ina maana yake mwilini. Ncha ya unywele mwembamba ikigusa ngozi hupinda. Ncha nene haipindi, inachoma. Nywele nene zikifika hata asilimia tano ya kitambaa, shingo inaanza kuwasha. Wengi husema "nina mzio wa sufu", kumbe mara nyingi walikutana na sufu nene tu.

Alpaka anasifiwa pia kwamba unywele wake una uwazi ndani kama bomba, ndiyo maana eti hana mpinzani kwa joto. Hapo sifa imezidi. Nywele nene za alpaka kweli zina uwazi katikati. Zile nyembamba, ambazo ndizo unazozitaka, zina uwazi wa vipandevipande au hazina kabisa. Kinachowapa joto ni wembamba na hewa inayonaswa kati ya nywele nyingi, jambo ambalo hata sufu nzuri ya kondoo hulifanya. Sifa ya kweli ni nyingine: alpaka hana mafuta mengi kwenye sufu. Sufu chafu ya Merino ukiifua inaweza kupoteza karibu nusu ya uzito wake, sehemu kubwa ikiwa mafuta, jasho na uchafu. Ya alpaka hupoteza zaidi vumbi, kwa sababu anapenda kugaagaa chini.

Kama hujawahi kuishika sufu ya alpaka, usikate tiketi ya Peru. Nenda soko la Memorial pale Moshi, au kwenye mitumba ya Kilombero Arusha, siku ambayo marobota ya nguo za baridi yamefunguliwa. Pekua masweta ukisoma lebo za ndani. Mengi ni akriliki, mengine sufu ya kondoo, na mara mojamoja linatokea lililoandikwa alpaka. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mmoja kwenye mshono na uuchome kwa kiberiti. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Pamba huwaka haraka na kunuka karatasi. Sufu, iwe ya kondoo au ya alpaka, huungua polepole, hunuka nywele zilizoungua, na moto ukiuondoa hujizima. Majivu yake yanasagika vidoleni. Kutofautisha alpaka na kondoo kunahitaji mkono. Alpaka ni mzito kidogo, anateleza, na sweta lake likishikwa mabegani linashuka chini kwa uzito wake lenyewe.

Hilo la kushuka si dogo. Moshi na Arusha wapo mafundi wanaofuma masweta ya shule kwa mashine za mkono, na hao ndio watu wa karibu zaidi na kazi hii tulio nao. Nilimpelekea mmoja wao skafu ya alpaka ya mtumba aione. Aliuvuta ufumaji kwa vidole viwili, akauachia, akasubiri. "Kaka, huu umekwenda," akaniambia. "Sweta la mtoto nataka livutwe na lirudi. Hili litafika magotini kabla ya likizo." Kwa kuvuta mara moja alikuwa ameeleza kile ambacho watengenezaji wa nyuzi huandika kurasa nzima: alpaka hana mawimbi ya kutosha kuurudisha uzi mahali pake, kwa hiyo kwa kazi ya kufuma sweta huchanganywa na sufu ya kondoo. Peke yake anafaa shali, skafu na vitambaa vinavyotakiwa kuanguka vizuri mwilini.

Waliotajirika nayo

Mwaka 1836 mfanyabiashara wa sufu kutoka Bradford, Uingereza, jina lake Titus Salt, alikuta marobota ya sufu ya alpaka kwenye ghala moja la Liverpool. Yalikuwa yamekaa tu. Viwanda vilijua sufu ya kondoo. Hii iliyoteleza iliwashinda. Salt aliyanunua, akahangaika nayo, na mwishowe akaifuma juu ya mtande wa pamba, yaani zile nyuzi zinazotandazwa kwanza. Kilichotoka ni kitambaa chepesi kinachong'aa, na wanawake wa Uingereza wakakigombania. Mwaka 1853 alifungua kiwanda kikubwa mno, akakizungushia nyumba za wafanyakazi, na mji ule, Saltaire, leo uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Alpaka walikuwa wakilishwa Andes na watu maskini, na maskini walibaki. Tajiri alikuwa yule aliyejua la kufanya na robota.

Linganisha na Mwingereza mwenzake, Charles Ledger. Huyu aliona faida iko kwenye wanyama. Peru ilikataza kuwatoa nchini, yeye akawaswaga kwa njia za milimani kwa miaka, na mwaka 1858 akashusha kundi la zaidi ya 250 Sydney, Australia. Serikali ya koloni ikalinunua. Baada ya miaka michache mradi ukafa. Ledger huyohuyo ndiye aliyepeleka Ulaya, mwaka 1865, mbegu za mkwinini, mti wa dawa ya malaria, alizokusanyiwa na msaidizi wake wa Bolivia, Manuel Incra Mamani, na mbegu zile zikawa msingi wa mashamba makubwa ya Java. Miti ya jamii hiyo Wajerumani waliipanda mpaka Amani, Usambara. Mti wa Andes ulihama vizuri. Mnyama wa Andes hakuwa na bahati hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja.

Alirudi kwa kishindo Marekani mwaka 1984, shehena za kwanza kubwa zilipoingia. Hapo ndipo video zile zinapochukua hadithi yao. Bei ya jike mmoja ilipanda hadi makumi ya maelfu ya dola. Mwaka 1998 daftari la kuandikisha ukoo wa alpaka likafungwa kwa wanyama kutoka nje, na kufungwa huko kukazidi kupandisha bei. Wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Davis, Tina Saitone na Richard Sexton, wakakaa chini wakapiga hesabu: sufu anayotoa alpaka kwa maisha yake yote ina thamani gani? Jibu halikukaribia bei ya kumnunua. Faida ilikuwa inatoka kwa mfugaji mpya anayenunua mbegu ili naye amuuzie mpya mwingine. Baada ya mtikisiko wa uchumi wa 2008 wanunuzi wapya walikauka, bei zikaporomoka, na wapo waliogawa wanyama bure ili wapunguze gharama ya chakula.

Sisi tunayajua haya. Mwaka 2013 na 2014, kware waliposhika kasi huku na kule Kenya, mayai yalitibu kila ugonjwa na vifaranga vikauzwa kwa bei ya ajabu. Waliopata ni waliouza vifaranga mapema. Mlaji wa mwisho, yule anayenunua ili ale, alikuwa mchache tangu mwanzo.

Kutoka mgongoni mpaka kwenye uzi

Basi tuitazame kazi yenyewe, maana humo ndimo thamani inamozaliwa, na humo ndimo jasho linamotoka.

Alpaka hukatwa manyoya mara moja kwa mwaka. Kwa hali yetu wakati mzuri ni Desemba au mapema Januari, kabla ya joto la Januari hadi Machi. Ukimkata Juni, baridi na manyunyu ya Arusha vitamkuta uchi. Analazwa chini, miguu ya mbele inavutwa mbele na ya nyuma nyuma kwa kamba, mmoja anashika kichwa, mwingine anakata. Usimkate akiwa amelowa. Sufu ya mgongoni na mbavuni hutolewa kwanza na kuwekwa mbali. Hiyo ndiyo daraja la kwanza. Ya shingo mfuko wake, ya miguu na tumbo mfuko wake. Anayechanganya ameharibu yote, kwa sababu nywele chache nene zikiingia kwenye nyembamba zitawasha kitambaa kizima.

Kisha inatandazwa juu ya meza ya wavu wa kuku, itikiswe vumbi na kuchambuliwa. Na hapa kuna adui ambaye wazungu kwenye video hawamtaji: kishona nguo. Zile mbegu nyeusi zenye meno zinazoganda kwenye suruali ukipita shambani zikiingia kwenye sufu hazitoki kwa kuoshwa. Zinatolewa moja moja kwa kidole. Malisho yenye kishona nguo na miiba ya mgunga yanaweza kuifanya sufu ya mwaka mzima iwe ya kujazia mito.

Kuosha ni kwa maji ya moto na sabuni, sufu ikizamishwa bila kusuguliwa. Yale magamba niliyoyataja, yakikutana na joto, sabuni na msuguano, yanashikana moja kwa moja na huwezi kuyaachanisha tena. Ukifanya hivyo kwa makusudi unapata kitambaa kizito kisichofumwa, kinachofaa kofia na ndala za ndani, na ndiyo matumizi mazuri ya daraja la pili. Ukifanya kwa bahati mbaya umepoteza uzi. Ikikauka kivulini, inachanwa kwa brashi mbili pana zenye meno ya waya mpaka nywele zilale upande mmoja, zitoke kwenye brashi zikiwa bunda jepesi.

Kusokota hakuhitaji mashine ya kuanzia. Kijiti kilichonyooka cha urefu wa mkono mpaka kiwiko na kibao cha duara chini yake vinatosha. Fundi seremala yeyote atakutengenezea. Unafunga kipande cha uzi wa kuanzia kwenye kijiti, unakishikisha na ncha ya bunda la sufu, unakizungusha kijiti kwa vidole na kukiachia kining'inie. Mzunguko unapanda kwenye nywele. Mkono wa juu unaachia nywele kidogo kidogo, wa chini unazuia mzunguko usipande kabla ya wakati wake. Ukiachia nyingi uzi unakuwa na mafundo, ukiachia chache unakatika na kijiti kinaanguka miguuni. Alpaka, kwa kuwa anateleza, anataka mizunguko mingi kuliko kondoo. Ukipata nyuzi mbili, unazisokota pamoja kwa mwelekeo wa kinyume na ule wa kwanza, ili kila mmoja umzuie mwenzake asijifumue. Uzi wa mkunjo mmoja ukifumwa unapinda sweta upande.

Sasa namba. Alpaka mmoja hutoa kilo mbili hadi tatu kwa mwaka. Wanne, tuseme kilo kumi. Daraja la kwanza ni kama nusu yake, kilo tano. Toa vumbi na vipande vifupi vinavyobaki kwenye brashi, una kilo nne za uzi. Shali ya gramu 200 inakupa shali ishirini kwa mwaka. Kwa kijiti cha mkono, gramu 100 za uzi wa mikunjo miwili ni kazi ya siku nzima ya mtu aliyezoea. Kwa hiyo kabla ya kufuma hata shali moja, una siku arobaini za kusokota. Gurudumu la kukanyaga kwa mguu litazipunguza, halitazifuta. Shali ishirini ndizo zinazotakiwa kulipa malisho, dawa, fundi na bei ya wanyama. Kiwanda hakitakuokoa: Arusha ina viwanda vikubwa vya nguo, kama Sunflag na A to Z, lakini mitambo ya aina hiyo hula tani, na wewe una furushi.

Ataishi?

Turudi kwa mnyama. Watu wengi wanadhani kikwazo ni mwinuko. Hapana. Kule kwetu, urefu wa mita 3,500 ni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, ambako hakuna mtu anayechunga. Mashamba ya watu yanaishia karibu na mita 1,800. Lakini alpaka wanaishi vizuri Uingereza na Australia karibu na usawa wa bahari, na Afrika Kusini nako wapo wanaofugwa. Jua letu hata linawafaa. Kule Uingereza, jua la majira ya baridi ni hafifu kiasi kwamba hudungwa vitamini D. Digrii 3 kusini mwa ikweta hilo halimhusu mtu.

Kinachomuua ni joto likiambatana na unyevu, na minyoo inayokuja navyo. Moshi mjini, kwenye mita 900 hivi, ni pa moto mno kwake mwezi Februari. Siha ya juu, Ngare Nairobi, miinuko ya Meru, hapo angalau anapumua. Halafu masika inakuja na matope, na yule mnyoo mnyonya damu wa tumboni anayemaliza mbuzi na kondoo humpata na yeye, tena yeye hana ule ukaidi wa kondoo mwekundu wa Kimasai. Ubaya ni kwamba humwoni akikonda, manyoya yanaficha. Inabidi uzamishe vidole mpaka kwenye uti wa mgongo upapase kama umechongoka, na ushushe kope la chini uangalie rangi: nyekundu ni salama, ya waridi iliyopauka ni onyo, nyeupe ni dharura. Dozi ya dawa ya mbuzi haimfai vilevile, hivyo unahitaji daktari wa mifugo aliye tayari kusoma upya. Madini ya kulamba ya ng'ombe yana shaba inayoweza kumdhuru.

Na maji. Vyanzo vingi vinavyozunguka Mlima Meru, Ngarenanyuki na Maji ya Chai vikiwemo, vina floraidi nyingi. Tunaiona kwenye meno ya watu. Fahali wa nyama atachinjwa kabla hayajamletea shida kubwa. Alpaka anaishi miaka 15 hadi 20, na kwa mbele ana meno ya chini tu, juu ni ufizi mgumu. Mnyama wa sufu unataka azeeke akiwa na meno yake.

Jambo moja linawashangaza wafugaji wa ndani: usimlishe sana. Pumba na mashudu tunayompa ng'ombe wa maziwa kwa fahari yatamnenepesha alpaka, na unywele wake nao utanenepa. Sufu nyembamba ya Andes inatoka kwa mnyama anayekula majani makavu ya kawaida. Hei nzuri ya boma rhodes, maji safi na kivuli vinamtosha. Usimfuge peke yake, na usiku umfungie mahali fisi na mbwa hawaingii, kwa sababu hana cha kujitetea zaidi ya mate na teke.

Kumwingiza nchini ni suala la sheria. Mnyama hai haingii bila kibali cha idara ya huduma za mifugo wizarani, chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, pamoja na vipimo na karantini. Nchi yetu ina ugonjwa wa midomo na miguu, ina homa ya bonde la ufa inayolipuka baada ya mvua kubwa, kwa hiyo ukishawaingiza, kuwauza nje tena kama mbegu si jambo la kutegemea.

Nani atanunua

Mtalii aliyeshuka Kilimanjaro anataka kitu cha Kilimanjaro. Shali ya alpaka akiipenda ataikumbuka kama kitu cha Peru. Mpagazi anahitaji kofia na glovu za joto kweli, lakini Memorial anazipata kwa bei ambayo mikono yako haiwezi kushindana nayo. Katika nchi nyingine wafugaji wadogo wa alpaka hupata sehemu kubwa ya kipato kwa wageni wanaolipa kutembea na wanyama. Huku mgeni amekuja kwa tembo. Labda shule zetu zingelipa, watoto wangefurahi.

Mfano ninaoupenda zaidi uko ng'ambo ya mpaka. Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, kikundi cha wanawake cha Nanyuki Spinners and Weavers kilianza mwaka 1977 kwa sufu ya kondoo wa nyanda za juu. Wanaosha, wanasokota, wanatia rangi na kufuma mazulia na shali kwa mikono. Mlima, baridi, watalii wanaopita, vyote vinafanana na vyetu. Walianza na mikono, na kondoo walikuwa tayari jirani.

Kwa hiyo ningekuwa na heka mbili Siha na hamu ya kazi hii, ningeanza na sweta la mtumba la sufu nililifumue, kisha kilo chache za sufu ya kondoo kutoka Kenya, nijifunze kuosha na kusokota mpaka fundi wa masweta aukubali uzi wangu. Nikishaweza kuuza uzi, ndipo ningekwenda kuzungumza na watafiti wa TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo Tanzania, pale West Kilimanjaro kuhusu kondoo wa sufu wanaoweza kuvumilia kule juu.

Na kama bado roho inataka alpaka, dai mambo mawili kwa muuzaji. Kwanza, cheti cha kipimo cha sufu ya kila mnyama, kinachoonyesha wastani wa mikroni na namna nywele zinavyotofautiana, kilichopimwa mwaka huohuo, si wakati mnyama alipokuwa mtoto. Pili, mwambie unataka madume watatu waliohasiwa. Hawa hawana thamani ya mbegu, bei yao ni sehemu ndogo ya bei ya jike, na sufu yao ni ileile. Akianza kukushawishi kwamba faida iko kwenye majike na watoto utakaowauza, muulize watauzwa kwa nani.